Inayozunguka kwanza, inayong'aa baadaye: baiskeli isiyo na gia ndani ya Tanga

Toka Raskazone, pita mjini, ikate Ngamiani na barabara zake za namba, endelea mpaka Kange. Hukutani na mlima wa kukushusha kwenye kiti. Ndiyo maana baiskeli isiyo na gia haijawahi kufa Tanga. Kinachomtoa mtu jasho hapa ni upepo. Kusi ikianza kuvuma, mwezi wa nne hadi wa tisa hivi, anayetoka mjini kwenda Mwambani au Tongoni anakanyaga kama anasukuma ukuta.

Hilo peke yake lingetosha kubadili namna pesa ya baiskeli inavyotumika. Kawaida mwenye laki mbili ananunua baiskeli ya laki mbili, na shilingi inayofuata inakwenda kwenye kengele ya mlio, kava la kiti lenye rangi za Coastal Union na maua ya plastiki ya kwenye spoku. Baiskeli inapendeza kweli, ila nzito kama jiwe la kusagia. Mwenye laki mbili anunue ya laki moja na nusu, na elfu hamsini iende kwenye vitu vinavyozunguka: habu mbili (vitovu vya magurudumu), gololi za krenki (vyuma vinavyobeba pedeli), friwili (gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga), mnyororo, matairi. Vinavyong'aa vitasubiri.

Koo mbili, na mtego mmoja

Baiskeli zisizo na gia ziko za koo mbili, na vipuri vyake vingi haviingiliani.

Ukoo wa kwanza ni ile ndefu nyeusi: Phoenix ya China, Hero na Avon za India. Umbo lake limetokana na baiskeli za Kiingereza za akina Raleigh wa Nottingham, na ndiyo sababu hadi leo vipimo vyake vingi ni vya inchi. Gurudumu ni la 28, breki ni za vyuma, krenki imeshikwa kwa pini ziitwazo kota, na kwa kawaida nyuma ina spoku 40 na mbele 32. Imeundwa kwa mzigo: gunia la mkaa, kreti za soda, madumu ya maji.

Ukoo wa pili ni mtumba wa Japani: fremu iliyoshuka katikati, kikapu mbele, kava la mnyororo, taa ya dinamo, stendi ya miguu miwili. Gurudumu lake la kawaida ni 26 x 1 3/8, spoku 36 mbele na 36 nyuma. Breki ya mbele inabana ringi, ya nyuma ni ya mkanda au ya ngoma. Kwa mama aliyevaa baibui, mwanafunzi au karani, hii ndiyo yenyewe. Unapanda bila kurusha mguu, na nguo haiingii kwenye mnyororo.

Ubishi wa ipi bora ni wa vijiweni na hauishi. Unayebeba zaidi ya kilo 40 mara kwa mara, chukua ndefu. Usiyebeba, chukua mtumba, kwa sababu Mjapani aliitengeneza kwa mwendo ule ule unaoufanya wewe: nyumbani, sokoni, shuleni, kituoni.

Ukinunua mpya, usidhani iko tayari. Hufika ndani ya boksi ikiwa vipande, ikafungwa dukani harakaharaka. Grisi ndani ya habu ni ya kupaka tu, koni, zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli, zimekazwa mno au zimelegea, spoku hazilingani. Kuiendesha hivyo miezi sita ni kuitafuna kutoka ndani. Nayo ifunguliwe na kupakwa grisi upya kabla haijaanza kazi.

Mtego ni ile baiskeli ya milimani iliyoharibika gia, inayouzwa bei ya kutupa. Mtu anawaza: nitaondoa gia zote, nikate mnyororo, nibaki na moja. Inawezekana, lakini chungulia kwanza mahali ekseli ya nyuma inapokaa. Kama ule mfereji umelala, gurudumu linasogea mbele na nyuma, na mnyororo unakazika. Kama mfereji umesimama wima, gurudumu halisogei. Mnyororo ama utakuwa mfupi usifike, ama utalegea na kuchomoka kila unapopita kwenye shimo. Fremu ya namna hiyo iache. Kumbuka pia mnyororo wa isiyo na gia una upana wa ndani wa 1/8 ya inchi, na ule wa gia ni 3/32 au chini yake. Mpana unakaa juu ya meno membamba bila shida, mwembamba haukai juu ya meno mapana.

Namba za ubavuni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa ujinga mdogo. "Tairi la ishirini na sita" si kitu kimoja. Likiandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ni la mtumba wa Japani na kipenyo cha mahali linapokaa kwenye ringi ni milimita 590. Likiandikwa kwa nukta, 26 x 1.95 au 26 x 2.10, ni la baiskeli ya milimani na kipenyo ni 559. Tofauti ni milimita 31, hakuna fundi wa kuiziba. Mitumba mingine ya Japani ina 27 x 1 3/8, ambayo ni 630, na midogo ina 24 x 1 3/8, ambayo ni 540.

Kwenye 28 ni vilevile. Ile ndefu nyeusi inavaa 28 x 1 1/2, yaani 635. Kuna 28 nyingine ya 622, ambayo pia huandikwa 700C. La 622 halivaliki kwenye ringi ya 635 hata kwa bisibisi mbili. La 635 kwenye ringi ya 622 linaingia kwa raha, halafu linachomoka ukijaza upepo. Kwa hiyo usitaje inchi dukani. Soma namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ndiyo inayoamua kama litavaa. Nakili ya pili kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Mshipi wa kuvulia samaki

Kuikagua baiskeli iliyotumika kunataka dakika kumi na mshipi wa mita tatu. Pitisha kidole chini ya bomba kubwa, pale linapoungana na bomba la usukani. Rangi ikiwa imekunjamana kama ngozi, au kuna ufa mdogo, iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Hapo bei haijadiliwi tena, unaondoka.

Kisha mshipi. Funga ncha moja kwenye mfereji wa ekseli ya nyuma upande wa kushoto, uvute mbele, uzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe nyuma hadi mfereji wa kulia, ukaze mpaka utoe mlio ukiugusa. Sasa pima nafasi kati ya mshipi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikitofautiana milimita mbili au tatu, fremu ni nzuri. Zikipita tano, sehemu ya nyuma imepinda, na baiskeli hiyo itakuwa inatembea kama kaa: gurudumu la nyuma halifuati la mbele na tairi linalika upande mmoja.

Inua mbele, zungusha gurudumu, weka kidole karibu na ringi. Kucheza kwa ubavuni kwa milimita chache ni kazi ya kukaza spoku, hakutishi. Kuruka juu na chini kunamaanisha ringi imebonyea kwenye shimo, na ringi ya chuma iliyobonyea hairudi yote. Shika ringi uitikise kushoto na kulia: ikigonga, koni zimelegea au zimeliwa. Shika mikono ya krenki uitikise: ikigonga yote miwili kwa pamoja, tatizo ni gololi za ndani, ukigonga mmoja tu, ni kota. Mwisho inua mbele tena, geuza usukani polepole. Ukikwama kidogo pale katikati kama unaingia kwenye kitundu, bakuli la gololi za usukani limetobolewa na limekwisha.

Jaribu pia kusogeza nguzo ya kiti. Hewa yetu ina chumvi, na nguzo ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma huungana nayo kama imechomelewa. Isiposogea na kiti si cha urefu wako, hiyo si baiskeli yako. Urefu sahihi unaupima kwa kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba.

Namba ya fremu iko chini ya krenki au kwenye bomba la kiti. Iandikwe kwenye karatasi ya mauziano pamoja na jina la muuzaji. Asiyetaka kuandika ana sababu yake.

Friwili: hapa ndipo upepo unashindwa

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, badilisha friwili. Hesabu yake ni nyepesi: meno ya mbele gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa gurudumu. Gurudumu la 28 lenye tairi lake huzunguka mita 2.25 hivi. Gia ya mbele ya meno 44 ikiwa na friwili ya 18, kila mzunguko wa pedeli unakupeleka mita 5.5. Friwili ya 20 inakupeleka mita 4.95, ya 22 mita 4.5. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, hizo ni takriban kilomita 20, 18 na 16 kwa saa.

Kwenye karatasi unaonekana unapoteza kilomita mbili. Barabarani mambo yanageuka. Upepo ukiwa usoni mwenye 18 hafikishi mizunguko 60. Anashuka hadi 40, ambayo ni kilomita 13 kwa saa, na magoti ndiyo yanalipa. Mwenye 20 kwa nguvu zile zile anashikilia 50 au karibu yake, na anampita. Kwa anayebeba mzigo, 22. Kwa asiyebeba, 20 inatosha, na akirudi mjini kusi ikimsukuma mgongoni atapumzisha miguu tu. Ikiwa gia ya mbele ni ya 48, tumia 22, na usisikilize wanaokwambia ni ya watoto. Mtumba wa Japani wenye 32 mbele na 14 nyuma tayari unakwenda mita 4.8 kwa mzunguko. Hiyo iache, isipokuwa unabeba mtoto nyuma na vitu vya sokoni mbele. Hapo weka 16. Kuhesabu meno, paka chaki jino la kuanzia, vinginevyo utahesabu hadi jioni.

Friwili kubwa inakula mnyororo. Kila meno mawili yanayoongezeka yanavuta gurudumu mbele milimita sita hivi, manne yanalivuta kama 13. Pima nafasi iliyobaki kwenye mfereji kabla ya kununua. Isipotosha, ongeza mnyororo vipande viwili, kimoja chembamba na kimoja kipana, kwa sababu havifungani kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili.

Sasa kuitoa. Friwili imejifunga kwa nguvu za miguu yako miaka yote hiyo, na kila ulipokanyaga uliikaza zaidi. Ina vikato viwili au vinne kwa ndani, na kila aina ina kifaa chake. Toa gurudumu, toa nati na washa za upande wa kulia, ingiza kifaa kwenye vikato, kisha rudisha nati ya ekseli juu yake uikaze kwa vidole tu. Nati hiyo ndiyo siri ya kazi nzima: bila yake kifaa kinateleza na kung'oa vikato. Bana kifaa kwenye jiliwa, shika gurudumu zima kwa mikono miwili kama usukani wa lori, uligeuze kinyume cha saa. Litalia "ka!" Simama hapo hapo, legeza nati nusu mzunguko, endelea. Usipoilegeza, utakata nyuzi za ekseli.

Fundi akichukua tindo na nyundo badala ya kifaa, mnyang'anye gurudumu kwa heshima zote. Akishavunja vikato, friwili hiyo inatoka kwa kuvunjwavunjwa tu, na mara nyingi inaondoka na habu.

Kuweka mpya: paka grisi kwenye nyuzi za habu, weka friwili, izungushe kwanza kinyume mpaka uhisi nyuzi zimekaa, ndipo uifunge kwa mkono kufuata saa. Ikigoma, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana, hasa habu ikiwa ya aluminiamu, maana nyuzi zikishavukana habu imekufa. Haina haja ya kukazwa. Kilomita ya kwanza inajikaza yenyewe.

Friwili inayoteleza, unakanyaga na pedeli inakwenda bure, mara nyingi haijaharibika. Ndani yake kuna vidole viwili vidogo vya chuma vinavyosukumwa na springi, na grisi iliyoganda na vumbi inavizuia kuinuka. Ilaze, mimina mafuta ya taa kwenye mwanya, izungushe, rudia mpaka yatoke safi, iache ikauke, kisha weka matone machache ya oili nyepesi. Grisi nzito usiweke kabisa, ndiyo iliyoleta tatizo. Wala usifungue kifuniko chake. Kinafunguka kwa kufuata saa, tofauti na nati za kawaida, na chini yake kuna gololi ndogondogo za 1/8 zitakazotawanyika chumba kizima.

Vijana wanaochomelea friwili ili pedeli zisisimame kamwe wanajitafutia kifo. Ukikanyaga kinyume kupunguza mwendo, friwili inajifungua kutoka kwenye habu, na breki wengi wao wameshazitoa.

Gololi na grisi

Kazi hii haina sifa, haionekani, na hakuna inayobadilisha baiskeli ya bei rahisi kuliko hii. Vifaa ni spana ya 15, ya 14, spana nyembamba za koni kuanzia 13 hadi 15, mafuta ya taa, tambara na grisi ya beringi za magari.

Idadi za kawaida ni hizi: habu ya nyuma gololi 9 za 1/4 ya inchi kila upande, habu ya mbele 10 za 3/16 kila upande, krenki 11 za 1/4 kila upande. Lakini zihesabu zinapotoka, kwa sababu huenda aliyekutangulia alipoteza moja akanyamaza. Nunua mpya zote. Ukichanganya mpya na za zamani, zile zilizo kubwa kwa nywele tu ndizo zitabeba mzigo wote na kutoboa bakuli. Gololi ni rahisi, bakuli hapana.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, tazama koni kwenye mwanga. Mstari uliong'aa kuzunguka koni ni wa kawaida. Vishimo kama vya ndui, badilisha koni. Jaza grisi nusu ya bakuli, panga gololi moja moja zikishikwa na grisi, lazima ibaki nafasi ndogo, ukiona imejaa kabisa kuna moja ya ziada. Rudisha ekseli. Kaza koni kwa vidole mpaka mchezo uishe, irudishe nyuma kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, ishike kwa spana nyembamba na ufunge nati ya juu yake. Hapo wengi hukosea: nati ikikazwa inasukuma koni ndani, na kile kilicholegea vizuri kinakuwa kimekaza. Utarudia mara mbili tatu. Ni kawaida.

Kipimo cha mwisho hakihitaji chombo. Funga gurudumu kwenye fremu, liinue, valvu ikae upande kama saa tatu, uliachie. Likiwa sawa, uzito wa valvu peke yake unalivuta polepole mpaka valvu ikae chini, likipita kidogo na kurudi kama pendulo. Likibaki lilipo, koni zimekaza. Kwenye baiskeli ndefu mpya kutoka dukani, gurudumu la nyuma karibu kila mara linabaki lilipo.

Kota nayo ina ubishi wake. Ni pini ya milimita 9.5 yenye ubapa upande mmoja, na ubapa ndio unaoshika ekseli ya krenki. Mbili zinaingia kwa kupingana: mkono ulio mbele nati ikiwa juu, ule ulio nyuma wakati huo huo nati iwe chini. Zikiingia upande mmoja, mikono haitanyooka. Kabla ya kugonga, tegemeza mkono wa krenki kwa kipande cha bomba la chuma kinachofika sakafuni, ili pigo liishie sakafuni na si kwenye gololi. Gonga mara tatu nne kwa nguvu, ndipo ufunge nati. Nati kazi yake ni kushikilia, haivuti. Anayeivuta kota kwa nati anakata nyuzi, na kesho mkono unagonga. Na ukigonga usiendelee kuendesha ukisema utapita kwa fundi Jumamosi, kwa sababu kota ikicheza inakula tundu la krenki, na baada ya hapo hakuna kota itakayokaa.

Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kufuata saa. Lisemwe tu, maana bado zinakatwa nyuzi kila wiki.

Breki

Watu wengi wanataka kuondoa breki za vyuma za baiskeli ndefu na kuweka za waya zinazobana ubavuni. Usinunue kabla hujatazama ringi. Breki za vyuma zinavuta raba juu, zinagusa uso wa ndani wa ringi unaotazama habu, na ringi yake ina ubavu wa mviringo. Breki ya kubana inataka ubavu bapa. Ukiifunga kwenye ringi ile, raba inashika kwa ukingo tu na inaweza kuteleza ikaingia kwenye spoku. Kubadili breki hapo ni kubadili na ringi, na ringi ya kubadilishia iwe na matundu 40 nyuma na 32 mbele, ambayo si rahisi kuipata. Kwa pesa hiyo ni afadhali ununue raba mpya, unyooshe vyuma vilivyopinda, na uweke raba milimita tatu kutoka kwenye ringi.

Mtumba ni rahisi zaidi. Kama ringi ni za chuma, tafuta za aluminiamu za 590 zenye matundu 36. Ringi ya chuma ikilowa raba inateleza, na wakati wa masika utabana breki Chumbageni usimame Mabanda ya Papa. Mwenye ringi za chuma aguse breki mapema kidogo, raba zifute maji kwanza.

Breki ya mkanda ya nyuma ina tabia ya kupiga kelele kama mbuzi wa kuchinjwa. Usiipake mafuta. Kelele itaisha kweli, na breki pia. Ifungue, sugua ngoma na mkanda kwa msasa, futa kwa tambara lenye petroli kidogo, rudisha. Ikirudia kelele, mkanda umekwisha. Waya ukiwa mgumu kuvuta, badilisha waya na ganda lake kwa pamoja. Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu ni pesa ya bure.

Miiba, chumvi, spoku

Spoku za nyuma hukatika kwenye kona, pale zinapoingia kwenye habu, na watu husema zilikazwa mno. Mara nyingi zilikuwa zimelegea. Spoku iliyolegea inakunjuka na kukunjika kila gurudumu linapozunguka, kama waya unaoukunja mpaka ukatike. Zibane mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, inayolegea kuliko wenzake ikaze robo mzunguko, tazama ringi, rudia. Usizidishe robo kwa mara moja.

Upepo unaoisha usiku kucha bila tundu, chunguza valvu kabla ya kutoa tyubu. Valvu za aina hii zina kimpira chembamba ndani, na joto linakikausha. Paka mate mdomoni mwa valvu. Yakitoa povu, badilisha kimpira. Kama kuna tundu, angalia liko upande gani wa tyubu. Upande wa nje ni mwiba, ncha ya mkonge au chupa, na kabla ya kurudisha pitisha kidole ndani ya tairi, kwa sababu mwiba bado umo. Upande wa ndani ni kichwa cha spoku kimepenya mkanda wa ringi, na utaziba viraka kumi bila kupona mpaka ubadilishe mkanda. Matairi mengi ya mtumba yameandikwa 300 kPa, kama psi 44. Jaza mpaka hapo. Tairi laini ndilo linalobonyeza ringi, na upepo wa kusi unakuwa mara mbili.

Ukipita ufukweni, mwagia maji baridi siku hiyo hiyo, kausha, kisha tone moja la oili mpya ya injini kwenye kila kiungo cha mnyororo, zungusha, futa yote ya nje. Mafuta ya kupikia yanaganda kuwa gundi. Oili chafu ya gari ina vumbi la chuma ndani yake, inasaga kile unachotaka kukilinda. Pima mnyororo kwa rula: vipande 24 vya mnyororo mpya ni sentimita 30.5. Zikifika 30.8, tupa, na friwili yenye meno yaliyochongoka kama ya papa iende nao, vinginevyo mnyororo mpya utaruka. Ukiufunga, katikati yake upande na kushuka sentimita moja hadi moja na nusu. Jaribu pedeli ikiwa sehemu nne tofauti, kwa sababu gia ya mbele ya bei rahisi haiko duara kamili, na penye mkazo zaidi ndipo unapopimia.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, rudi na spana: gonga kota tena na ukaze nati zake, kaza nati za ekseli, kagua koni kwa kutikisa ringi, sogeza gurudumu la nyuma kama mnyororo umelegea. Kengele unaweza kuinunua siku hiyo.